Bolti Isiyo na Rangi

Taa ya usukani ilipowaka kwa mara ya tatu, Fundi aliacha kulishuku gari akaanza kumshuku mwenye gari.

Tangu getini aliona kwamba mambo si mazuri. Kile kigari kidogo cha bluu, kikuukuu, chenye mabonyeo kila upande na mlango mmoja wa rangi ya maziwa, kiliingia kikijivuta, na dereva wake alikuwa anazungusha usukani kwa mabega, kama mtu anayelazimisha bomba lililoshikwa na kutu. Kiliposimama akaiona taa yenyewe kwenye dashibodi: ya njano, picha ya usukani na alama ya mshangao ubavuni. Imetulia inang'aa, kama mgeni aliyekwishavua viatu.

"Fundi, imerudi," Mwokaji alisema akishuka.

"Naiona."

"Hata salamu hakuna leo?"

"Habari za asubuhi. Fungua boneti."

Mwokaji akamtazama kidogo, kisha akarudi ndani kuifungua. Siku nyingine Fundi angecheka. Siku nyingine angejifuta mikono mara mbili kabla ya kumkaribia mtu huyu, aliyekuwa akioka mikate na mama yake pale kwenye kona ya barabara kuu, na ambaye shati lake lilinukia mkate wa moto hata jioni. Lakini asubuhi ile alikuwa ametoka kwa mama yake na maneno yamemkaa kifuani.

Mama yake alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Chumba chake cha kushonea kilipakana na gereji, na dirisha lilitazama moja kwa moja pale Fundi alipofanyia kazi. Nati haikufunguliwa bila yeye kujua.

"Taa moja, mara tatu?" alikuwa amesema akikata uzi kwa meno, mara tu Mwokaji alipopiga simu kwamba anakuja. "Binti yangu, hata mafua yanapona. Ama wewe hujui kazi, na mimi najua unaijua, ama huyo kijana anakwenda kuliharibu mwenyewe ili apate sababu ya kuja kukutolea macho."

"Mama, si kila mwanamume ni Bwana Fyuzi."

"Hata huyo Bwana Fyuzi ulisema si kila mwanamume."

Bwana Fyuzi alikuwa mteja, na jina hilo walimpa baadaye. Alikuwa akichomoa fyuzi ya gari lake huko kwake, analileta gereji, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kumwaga maneno matamu mpaka fyuzi irudishwe. Fundi alimwamini. Alimwamini mpaka siku alipokuja mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akauliza kwa upole gari la mume wake lina ugonjwa gani usiokwisha. Mtaa ulicheka muda mrefu. Mama yake hakucheka hata siku moja, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Kaa kwenye usukani," alimwambia Mwokaji. "Washa."

Injini ikaitika mara moja. Taa zote za dashibodi zikawaka, kisha zikazimika, na ile ya usukani ikazimika na wenzake kama haijawahi kukosa.

"Unaona?" Mwokaji alisema. "Ndiyo tabia yake. Ukizima ukawasha inajifanya mwema. Ngoja nikate kona."

"Hukati kona yoyote. Kaa hapo hapo."

Alianza kama alivyofunzwa chuoni, kutoka kwenye rahisi kwenda kwenye gumu. Usukani wa gari lile haukuwa wa mafuta. Ulisaidiwa na mota ndogo ya umeme, na mota hiyo ikikosa umeme wa kutosha inakata msaada na kuwasha taa. Kwa hiyo akapima umeme. Betri ilikuwa nzima. Aliitia mwenyewe siku ya kwanza, baada ya kukuta ya zamani imechoka. Chaji ilikuwa sawa. Fyuzi ya mota ilikuwa nzima, na ile fyuzi aliirudisha haraka bila kuitazama mara mbili. Ikabaki ethi, ule waya mnene mweusi unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, chini kabisa, chini ya kibao kinachobeba betri. Gari lilipokuja mara ya pili, huko ndiko alikokuta ugonjwa. Waya ulikuwa umeliwa na kutu. Aliufungua, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa, akaurudisha.

Akaweka ncha moja ya mita kwenye betri na nyingine kwenye bodi.

"Zungusha kulia. Polepole."

Mwokaji akazungusha. Kupitia upenyo kati ya boneti na kioo Fundi aliyaona macho yake tu, na macho yenyewe yalikuwa yanamtazama yeye.

"Usinitazame mimi."

"Nitazame nini, Fundi? Mbele yangu kuna boneti na wewe."

"Basi tazama boneti. Zungusha mpaka mwisho. Shikilia hapo."

"Nimeshikilia."

Namba kwenye mita zikaruka. Taa za mbele zikafifia.

"Imewaka!" Mwokaji akapaza sauti. "Na usukani umekuwa jiwe!"

"Achia. Zima."

Ilikuwa ethi tena. Fundi akapenyeza mkono chini ya kibao cha betri, mahali ambapo jicho halifiki, akaitafuta bolti kwa vidole. Akaigusa. Ikazunguka. Haikuhitaji hata spana. Ilizunguka kwa vidole viwili, laini, kama kifuniko cha chupa ya maji.

Alibaki ameinama pale pale. Yeye hakuwa mtu wa kuacha bolti hivyo. Alikuwa na mtindo wake, na mafundi wenzake wote waliujua na kumtania nao: kila bolti aliyoikaza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Yenye rangi imekazwa. Isiyo na rangi, rudi ukaikaze. Mama yake ndiye aliyemnunulia vichupa hivyo, akinung'unika kila mara kwamba bolti za wateja zinapendeza kuliko kucha za mwanawe.

Bolti iliyokazwa na Fundi haikuwa na kawaida ya kujifungua. Mtu ameifungua.

Alipoinua kichwa, Mwokaji alikuwa ameshashuka na kusimama karibu naye, na ndipo alipoiona plasta. Ilikuwa imezungushiwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, juu ya kucha.

"Kidole kimefanya nini?"

Mwokaji akautia mkono mfukoni, haraka mno. "Hakina kitu."

"Plasta ya urembo, basi."

"Ni jambo dogo tu, Fundi. Umeona shida ya gari?"

"Nimeiona." Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Bolti ya ethi imefunguliwa."

"Imefunguka?"

"Haikufunguka yenyewe. Mimi nikikaza kitu kinakazika. Sasa niambie, kidole ulikikata kwa spana au kwa koleo?"

Ilimchukua Mwokaji muda kuelewa. Fundi aliiona maana ikimwingia taratibu, kutoka machoni mpaka mabegani.

"Unasema nimeifungua mimi."

"Nasema taa moja haiji gereji mara tatu bila kusukumwa."

"Kwa nini nifanye hivyo?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Mtu akitaka kuja kuketi hapa hahitaji taa. Anasema tu."

"Nilikuwa najiandaa kusema," Mwokaji alisema kwa sauti ya chini.

Dirishani, cherehani ikanyamaza.

Mwokaji alitazama chini, kisha akamtazama usoni. Hakuwa na hasira, na Fundi angefurahi kama angekuwa nayo.

"Jana aliyeshika usukani si mimi. Ni mama. Alikuwa anarudi kupeleka mikate, akakata kona ya kuingia kwetu, usukani ukamgomea katikati. Amegonga nguzo ya geti. Bega limeteguka, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Na mama ana bega moja tu la kutegemea, la pili lilichoka zamani. Ndilo hilo."

Fundi aliiweka mita chini. 

"Sikukuambia kwenye simu kwa sababu sikutaka ukae na lawama kabla hujalitazama gari." Akauweka ufunguo juu ya betri, polepole, kama anaweka yai. "Nishuku kwa mengine. Nimewahi kuja kujaza upepo kwenye matairi yaliyojaa, hilo nakubali hata mbele ya hakimu. Lakini nimfungulie mama yangu bolti ya usukani?"

Hakungoja jibu. Aliondoka kwa miguu, mkono wa kushoto bado mfukoni, na harufu ya mkate ikabaki kidogo pale aliposimama, kisha nayo ikaondoka.

Mama Cherehani akatokea mlangoni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni.

"Amekwenda?"

"Si unaona, Mama."

"Na gari ameliacha?"

"Mama!"

"Nauliza kwa sababu. Mtu aliyefungua bolti kwa mkono wake haliachi gari kwa fundi alitazame vizuri. Angeondoka nalo. Bwana Fyuzi hakuwahi kuacha hapa hata kofia."

"Asubuhi ulisema..."

"Asubuhi sikuwa nimesikia habari za bega. Chukua tochi uende ukatazame kwa macho, badala ya kunitazama mimi."

Fundi akafungua betri akaitoa. Akatoa kibao chake. Akamulika tochi.

Bolti zote, alizozitoa na zilizobaki pale, zilikuwa na tone lake jekundu. Mbili za kushika kibao, moja ya kichwa cha betri, moja ya mfuniko wa fyuzi. Zilikuwa zinamtazama kama wanafunzi waliofanya kazi yao. Katikati yao ilikuwepo bolti ya ethi, kijivu, tupu, haina tone wala alama ya tone. Hapakuwa na mkwaruzo mpya wa spana. Hakuna mtu aliyeifungua, kwa sababu hakuna mtu aliyeikaza. Ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, ikajishikilia kwa muda, halafu mashimo ya barabarani yakaimalizia.

Fundi akakaa chini, sakafuni, juu ya mafuta.

Alikumbuka. Mara ile ya pili aliizungusha ile bolti kwa vidole ili ishike, na kabla hajachukua spana Mwokaji akakiona kichupa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake.

"Hicho ni cha nini, Fundi? Unajipamba ukiwa chini ya gari?"

"Ni cha bolti. Nikimalizana na kitu nakitia rangi. Chenye rangi hakiendi popote."

Mwokaji hakucheka, ingawa watu wote huchekea hapo. Alinyoosha mkono juu ya injini, akatoa kidole kidogo.

"Basi nitie na mimi."

"Wewe si bolti."

"Sitaki kwenda popote."

Na Fundi, ambaye mkono wake hautetemeki hata akiwa amelala chini ya gari lililoinuliwa, alikishika kile kidole akakitia rangi. Alikitia vizuri, mpaka kwenye pembe. Akakipuliza ikauke. Baada ya hapo wakaanza kuongea wote wawili kwa pamoja, wakakatizana. Akarudisha kibao na betri, akazikaza bolti zake na kuzitia rangi, akafunga kichupa, akashusha boneti. Bolti ya ethi ilibaki chini kama ilivyokuwa.

"Mama," aliita.

"Naam."

"Ni mimi."

Mama Cherehani akaja, akainama, akafuata mwanga wa tochi. Hakujua magari, lakini alijua kazi iliyoachwa njiani.

"Ulipiga bandi," alisema. "Ulishikiza tu kwa sindano, hukupita na cherehani."

"Ndiyo."

"Nami nilikuwa dirishani siku hiyo. Nilikuona ukimpaka mtu rangi. Nilidhani gari ulikuwa umeshamaliza."

Fundi akageuka. "Uliona? Na hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mwanangu anampuliza mwanamume kucha? Nilivuta pazia. Hata mimi nina adabu." Akajivutia kiti cha plastiki, akakaa kwa kujishusha. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua ukali. "Niliogopa. Hukuwahi kuinama vile juu ya mkono wa mtu, hata enzi za yule wa fyuzi. Nikasema huyu akivunjika safari hii, sina uzi wa kumshonea. Nikaanza kutafuta kasoro, na taa ilipowaka nikaipata."

"Nami nikaimeza nzima."

"Ukaimeza. Sasa inuka. Ikaze hiyo bolti, uliendeshe gari la watu mpaka kwao. Na mimi nakuja."

"Mama, hapana."

"Nusu ya maneno uliyomwambia yule kijana yalitoka kwangu. Utaombaje msamaha wa maneno yangu nikiwa nimekaa hapa nashona? Na uso uufute, una grisi mpaka kwenye nyusi."

Fundi akaikaza ile bolti mpaka spana ikalalamika. Akaitia tone. Akasubiri likauke, akarudisha vyote, akawasha, akazungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akashikilia. Mita haikucheza. Taa za mbele hazikufifia. Njiani alikata kila kona iliyokuwepo na nyingine zisizo za lazima, polepole, jicho moja kwenye dashibodi. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa kuchezea watoto.

"Mbona tunazunguka?" Mama Cherehani aliuliza, mkono umeng'ang'ania mlango.

"Napima."

"Unapima au unaogopa kufika?"

"Vyote."

Nguzo ya geti la duka la mikate ilikuwa imeinama, na ubavuni ina mchirizi wa rangi ya bluu. Fundi aliupita ule mchirizi bila kupumua.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ile ile. Mwokaji alikuwa mezani, amewapa mgongo, anakanda donge la unga kama lina deni naye. Mama yake, ambaye yeye na wateja wote walimwita Bi Mkubwa, alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono mmoja umefungwa kifuani, wa pili unatoa amri. Fundi alikuwa amewahi kuonana naye mara moja tu, gereji. Siku ile Bi Mkubwa aliitazama mikono yake yenye grisi, akaacha wake mkobani. Baadaye Mwokaji alimwambia kwa kutania kwamba mama anataka mkwe atakayeweza kumshika bila kumwachia madoa. Alitania, lakini Fundi alilibeba.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Limepona?"

Mgongo wa Mwokaji ulitulia, lakini hakugeuka.

"Limepona. Lakini sikuja kwa gari tu." Fundi alishika mikono yake nyuma, kisha akaona ni kujificha, akairudisha mbele. "Asubuhi nilimwambia mwanao kwamba amefungua bolti makusudi. Nilikosea. Bolti niliiacha mimi bila kuikaza. Bega lako ni kosa langu, si lake na si la gari."

"Na mimi ndiye niliyemtia maneno kichwani," Mama Cherehani akadakia. "Nalisema mapema ili nisije nikaulizwa."

Bi Mkubwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anachagua nyanya.

"Wewe ni fundi mzima," alimwambia Fundi. "Umesoma. Gari la jirani yetu ulilifumua lote ukalirudisha, halijapungua kitu. Bolti moja unaisahauje?"

"Akili haikuwa kwenye bolti."

"Ilikuwa wapi?"

Fundi akamtazama mama yake. Mama yake akatazama dari. Angeweza kusema jua lilikuwa kali. Angeweza kusema alikuwa na kazi nyingi siku ile. Lakini kumsingizia mtu asubuhi ile kulimtosha.

"Kwa mwanao," alisema.

Mwokaji akageuka. Unga ulikuwa umempanda mpaka viwiko, na kwenye kidole kidogo plasta ilikuwa bado ipo.

"Nilikuwa nampaka rangi ya kucha," Fundi akamalizia, kwa sababu alikuwa ameshafika mbali, na kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda.

"Unampaka nini?"

"Rangi ya kucha, Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa akazunguka benchini, mwili mzima, mpaka akamkabili mwanawe. "Wewe. Hicho kidole si uliniambia umejikata kwa kisu cha mikate?"

"Mama..."

"Bandua."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mimi nimeteguka bega mbele ya watu wote hawa. Bandua."

Mwokaji akajifuta mkono kwenye aproni. Akaivuta plasta taratibu. Chini yake ukucha ulikuwa mwekundu, mzima, rangi haikubanduka hata pembeni, kama vile Fundi alivyouacha siku ile alipoupuliza.

Bi Mkubwa akanyoosha shingo autazame. 

"Ungeifuta," Fundi alisema.

"Ulisema chenye rangi hakiendi popote." Mwokaji alikuwa anautazama ukucha, si yeye. "Na unga unabandua kila kitu. Siku ya pili tu niliona unga unaanza kuingia pembeni. Nikatafuta plasta."

"Kwa nini hukunionyesha asubuhi?"

"Ningekuonyesha, ungesema hiyo nayo ni hila. Halafu mama yako alikuwa dirishani." Akatabasamu nusu. "Na wewe ulikuwa karibu na spana."

Mama Cherehani akakohoa ingawa hakuwa na kikohozi.

Bi Mkubwa akaanza kucheka. Alianza kwa puani, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Kwa hiyo mimi... nimelivunja geti langu mwenyewe... kwa ajili ya kucha! Jamani msinichekeshe, bega! Bega!"

"Na nani alikufunga hicho kitambaa?" Mama Cherehani aliuliza, akisogea. "Kinakukaba shingo badala ya kubeba mkono."

"Huyo huyo mwenye kucha."

"Ndiyo maana. Kesho nakuletea kilichoshonwa, chenye mkanda mpana. Geuka kidogo nikupime."

"Hujaniuliza kama nataka."

"Sijakuuliza. Geuka."

Bi Mkubwa akageuka. Alipokuwa anapimwa, macho yake yalirudi kwa Fundi, yakashuka mpaka mikononi, yakakaa hapo muda kama siku ile ya gereji.

"Umeniondoa mezani," alisema. "Meza hii ina nafasi mbili, na moja ilikuwa yangu. Mpaka bega lipone, nafasi hiyo nimekupa wewe, kila ukimaliza magari yako. Sabuni iko pale. Sugua mpaka viwiko."

"Kucha zangu hazitakati kabisa, Bi Mkubwa. Nimejaribu miaka mingi."

"Glovu ziko kwenye kabati. Mbili mbili. Na wewe," alimgeukia mwanawe, "vaa ya kwako. Mikate yangu haiuzwi na rangi."

Fundi alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akavaa glovu, akasimama upande wa pili wa meza. Mwokaji akakata donge lake vipande viwili, akamsogezea kimoja.

"Sukuma kwa kiganja. Usitumie vidole. Kunja, geuza, sukuma tena."

Akasukuma. Unga ulikuwa na uvuguvugu, na ulikuwa mkaidi kuliko alivyodhani. Kwenye benchi wazee wawili walikuwa wameanza kubishana kuhusu upana wa mkanda, na kwa sauti zao ilionekana watabishana kwa raha mpaka jioni.

"Nilikuambia maneno mabaya," Fundi alisema akitazama unga.

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe tangu ulipoingia na kusema ni wewe. Ningekuwa mimi ningesingizia barabara." Akakunja, akageuza, akasukuma. "Lakini kuna neno moja ulilosema asubuhi silitaki lipotee. Ulisema mtu akitaka kuja kuketi, anasema tu."

Mikono ya Fundi ikapunguza mwendo. "Nilisema."

"Basi nasema. Nataka kuja kuketi. Kwenye kile kiti cha plastiki, mama yako akiwa dirishani na pazia wazi. Nataka kuja mpaka wote wawili wachoke kutuuliza tunangoja nini."

Fundi akakunja unga wake, akaugeuza, akausukuma kwa kiganja kama alivyoonyeshwa, na safari hii ukamtii.

"Njoo kwa miguu," alisema. "Gari liache kwa mama yako."